Dansi Limewapokea Vijana Wetu. Msikiti Utawapokea Lini?

  



Liko jambo ambalo husemwa vibarazani kwa sauti ya chini na mimbarini kwa sauti ya juu, na kote kuwili halijasemwa sawasawa. Nalo ni jambo la dansi: wanaume na wanawake wasio maharimu kukutana ukumbini, muziki ukapigwa, wakashikana mikono na viuno, wakacheza wawili wawili hadi usiku wa manane. Vibarazani husemwa kwamba hiyo ni starehe tu isiyo na ubaya. Mtu hunyoosha viungo kisha akaenda zake nyumbani. Mimbarini husemwa kwamba ni haramu, kisha khatibu huteremka, swala ikaswaliwa, watu wakatawanyika, na kijana aliyekusudiwa na maneno yale akarudi kule kule alikotoka. Kauli ya kwanza ni batili. Kauli ya pili ni haki, lakini ni nusu ya haki. Katika makala haya, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, tunakusudia kuibatilisha ile ya kwanza na kuikamilisha hii ya pili.

DANSI NI NINI HASA

Haifai kumkanya mtu kwa jambo ambalo mkanyaji hajalijua. Wapenzi wa dansi wakisimulia maisha yao, hawaanzi na ngoma wala tarumbeta. Huanza na watu. Chukueni mfano wa madansi ya swingi na bluzi, yaliyozaliwa Marekani miongoni mwa watu weusi, kizazi cha Waafrika waliochukuliwa utumwani. Mwaka 1926 huko Harlem, mjini New York, ulifunguliwa ukumbi ulioitwa Savoy, nao ukadumu mpaka mwaka 1958. Zama hizo, katika sehemu kubwa ya nchi ile mweusi na mweupe hawakuruhusiwa kuketi meza moja. Lakini katika ukumbi ule waliingia wote na kucheza sakafu moja. Madansi hayo yalififia, kisha yakafufuliwa katika miaka ya 1980. Huko Uswidi, katika kijiji cha Herräng, ilianzishwa mwaka 1982 kambi ya dansi ambayo huwakusanya watu kutoka nchi nyingi, wakaacha kazi zao na nyumba zao ili wajifunze hatua za miguu. Enyi Waislamu! Ni wangapi miongoni mwetu wanaofunga safari ya wiki moja kwa ajili ya kujifunza hatua za swala?

Tazameni pia desturi zao. Mtu akiingia kwa mara ya kwanza, hata kama hajui hatua moja, hafukuzwi. Hupatiwa wa kumfundisha. Wimbo ukiisha, wachezaji hubadilishana wenzi, ili asibaki mtu ameketi pembeni peke yake. Anayehamia mji wa mbali hutafuta kwanza ukumbi wa wacheza dansi, na usiku huo huo hupata watu wa kumwita kwa jina lake.

Msikiao haya msikimbilie kucheka. Watu walioanzisha madansi yale walikuwa na dhiki, wakatafuta mahali pa kuliwazana. Dhiki yao ilikuwa ya kweli. Dawa ndiyo tunayoikataa.

HOJA TATU ZA WANAOLITETEA

Hoja ya kwanza: husema kwamba ulamaa wamekhitilafiana katika muziki. Tunajibu: ni kweli kwamba Ibn Hazm wa Andalusia aliona kuwa hadithi ya ala za muziki iliyomo katika Sahihi ya Imamu Bukhari sanadi yake imekatika. Ni kweli vilevile kwamba Ibn al-Salah na Ibn Hajar walimjibu wakathibitisha kuunganika kwake, na kwamba jamhuri ya ulamaa wa madhehebu manne wamezikataza ala hizo. Na Imamu Ghazali katika Ihya ana mlango mrefu wa kuichambua mas-ala ya usikilizaji. Haya ni ya elimu, na mahali pake ni darasani. Lakini mwenye kumkimbilia Ibn Hazm ili ahalalishe dansi ni mfano wa mtu aliyeshitakiwa kwa wizi wa ng'ombe, akaleta shahidi wa kuthibitisha kwamba kamba ilikuwa yake. Hatukuulizi habari ya kamba. Tunakuuliza habari ya ng'ombe. Tuseme, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba gitaa limeruhusiwa. Je, na mkono ulioko kiunoni mwa ajnabia nao umeruhusiwa na nani? Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, katika hadithi waliyoafikiana Bukhari na Muslim, kwamba mkono wa Mtume (S.A.W.) haukupata kugusa mkono wa mwanamke wa kando hata katika kiapo cha utii. Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa, aya ya 32, hakukataza zinaa peke yake, bali amekataza hata kuikaribia. Ikiwa kukumbatiana gizani hadi saa nane za usiku si kukaribia, basi tuambiwe kukaribia ni nini.

Na hapa iko dhulma tunayotaka kuiondoa. Binti akionekana ukumbini, mtaa mzima hutetemeka. Mwana wa kiume akionekana, wazee hutabasamu wakasema kwamba ujana ni moshi. Rudini kwenye Suratun Nur: amri ya kuinamisha macho na kuhifadhi tupu imeanza kwa wanaume katika aya ya 30, ndipo wakafuatia wanawake katika aya ya 31. Mwenye kumfungia binti na kumwachia mwana hailindi dini; anajilindia sifa ya nyumba yake.

Hoja ya pili: husema kwamba Wahabeshi walicheza ndani ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.) siku ya Idd. Tunajibu: hadithi ni sahihi, na uongo umo katika matumizi yake. Wale walikuwa wanaume, wakicheza kwa mikuki na ngao, mchezo wa maandalizi ya jihadi. Hapakuwa na mwanamke aliyeshikwa, hapakuwa na ulevi, wala hapakuwa na swala iliyopitwa. Hiyo si hoja ya ukumbi. Hata hivyo tusiifiche hadithi hii kwa kuogopa wanaoitumia vibaya, maana ndani yake limo somo kubwa juu ya msikiti, nasi tutalirudia punde.

Hoja ya tatu: husema kwamba dansi ni utamaduni wetu. Tunauliza: wetu tangu lini? Mnamo tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais wa kwanza, Mwalimu Julius Nyerere, alilalamika mbele ya Bunge kwamba wengi walikuwa wamejifunza rumba, chachacha, twisti, walsi na foksitroti, na huku ngoma za wazee wao hawazijui. Naye akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Sisi hatusemi kwamba dawa ya rumba ni ngoma nyingine yenye mchanganyiko ule ule. Tunasema tu kwamba hoja hii iliangushwa na mkuu wa nchi mwenyewe, kabla wengi wa wanaoitoa leo hawajazaliwa.

DANSI LILISHINDA KWA KITU GANI?

Zikiisha kuanguka hoja hizo tatu, hubaki swali ambalo wahubiri wengi hawaliulizi: ikiwa hoja zake ni dhaifu hivi, mbona dansi lina nguvu hivi?

Jibu limo katika historia. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ilizuka pwani ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu. Ikagawanyika pande mbili mashuhuri, Marini na Arinoti, na baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliieneza bara, hata ikavuka mipaka hadi Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini. Beni haikuwa ngoma tu. Ilikuwa chama chenye vyeo na michango, kilichomsaidia mwanachama aliyepatwa na shida na kumzika aliyefia ugenini. Baada yake yakaja madansi ya wawili wawili na bendi zake. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1930, na jina hilo la jazi, lililotoka kwa wale wale Wamarekani weusi, likapachikwa bendi nyingi nchini hata pale zilipopiga rumba. Hapa jirani, Tabora ilikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikawa na bendi yake, NUTA Jazz. Na kila bendi ikawa na mtindo wake na wafuasi wake, wakiitetea kama watu wa ukoo mmoja.

Mmeona kilichokuwa kikiuzwa? Muziki ulikuwa chambo. Ndoana ilikuwa udugu. Mtu aliyeng'olewa kijijini kwake akatupwa katika kambi ya mkonge, reli au mgodi, alikuta dansi limemwandalia jina, cheo, sare na jeneza. Dansi halikuwashinda Waislamu kwa ngoma. Liliwashinda kwa kumpokea mgeni.

Wala marufuku peke yake haikulishinda. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Na mwezi Novemba mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Serikali ilikuwa na polisi na mahakama. Lakini miaka ya 1970 iliyofuata ndiyo miaka ambayo bendi za dansi zilinawiri kuliko zote. Mlango mmoja ulifungwa, na watu wakaingia kwa dirisha. Ikiwa dola yenye rungu haikuweza, khatibu mwenye fimbo ya mimbari atawezaje kwa neno "haramu" peke yake?

MPANDA NI MJI WA WAGENI

Haya yanatuhusu sisi kuliko wengi. Mji huu umekuzwa na watu waliotoka kwingine. Katikati ya karne iliyopita reli iliteremshwa hapa kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi, ikaleta vibarua. Leo huja wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakulima wa mpunga na tumbaku, wafugaji, na watumishi walioletwa na kuanzishwa kwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012. Wako ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, ambao wao au wazazi wao waliikimbia Burundi mwaka 1972, na wengi wao sasa ni raia. Kijana akiteremka hapa kutoka kwenye basi au treni, hana shangazi wala mjomba. Ijumaa huswali. Imamu hutoa salamu, na kila mtu hutafuta viatu vyake. Yuko mtu awezaye kuswali msikiti mmoja mwaka mzima, asijulikane jina lake. Jumamosi usiku hupita mbele ya ukumbi, naye huitwa "karibu ndugu", akapewa kiti. Je, mnashangaa ameingia?

Tazameni harusi zetu. Baada ya Alasiri nikahi hufungwa kwa khutba na mashahidi, na walii humshika mkono bwana harusi akamwozesha. Usiku ule ule walii huyo huketi meza ya mbele ukumbini, akimtazama binti yake akichezeshwa na marafiki wa mumewe huku mshehereshaji akiwahimiza. Kadi za michango zimezunguka mji mzima miezi mitatu kwa ajili ya saa hizo chache; na madrasa ambayo binti huyo alisomea Juzuu Amma haijapata mkeka mpya. Bwana we, hiyo ndoa umeifunga kwa Sunna, na mlango wake umeufungua kwa maasi!

Wala hatutaki harusi za kimya kama matanga. Mtume (S.A.W.) alipopata habari kwamba Bibi Aisha (R.A.) amempeleka bibi harusi kwa mtu wa Kiansari, aliuliza kama hawakuwa na cha kuwachangamsha, kwa kuwa Ansari hupenda uchangamfu, hadithi hii imo katika Bukhari. Dufu limesuniwa, nyimbo za maneno mema za wanawake kwa wanawake zimeruhusiwa, na walima ni Sunna. Aliyewanyima watu haya akidhani ni uchamungu, amewasukuma ukumbini kwa mkono wake.

Kisha tazameni Idd. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el-Fitri, mjini Tabora, watoto wapatao 20 walifariki kwa msongamano na kukosa hewa ndani ya ukumbi wa disko la watoto. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafanye watangulizi wema kwa wazazi wao. Watoto wale hawana dhambi, wala hatumtii kidole jerahani mzazi yeyote. Lakini tunawauliza viongozi wa misikiti yote ya ukanda huu: siku ile, baada ya swala ya Idd, watoto waliovaa nguo mpya waliandaliwa nini na Waislamu? Walikuwa na haki ya kufurahi. Furaha ya Idd ni katika dini. Haki hiyo aliwatimizia nani? Mwenye ukumbi, kwa kiingilio. Na hata leo, sikukuu ikikaribia, matangazo ya disko toto hutangulia matangazo ya swala.

NJIA YA MTUME NI KUBADILISHA

Abu Daud na Nasai wamepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo tangu zama za ujahili. Hakuwanyang'anya siku zile akawaacha mikono mitupu. Aliwafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu amewapa siku mbili nyingine bora badala yake, Idd ya kuchinja na Idd ya kufuturu. Hilo neno "badala" ndilo lililopotea katika da'wa ya zama zetu. Na Wahabeshi wale tuliowataja walichezea wapi? Msikitini kwake. Mtume (S.A.W.) alisimama akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) ili atazame mpaka aridhike mwenyewe. Na Muhajirina walipofika bila mali wala jamaa, aliwaunganisha udugu na Ansari, mtu kwa mtu. Mgeni wa Madina hakutafuta ukumbi wa kumpokea, kwa sababu msikiti ulitangulia.

Basi tunazitaka kamati za misikiti ya Kashaulili na Mpanda yote zitekeleze mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka nje:

Kwanza, kila Ijumaa wateuliwe watu wawili mlangoni, kazi yao iwe kumjua kila uso mgeni: jina lake, atokako, alalapo. Asiondoke mgeni kabla hajaalikwa chakula katika nyumba moja ya Muislamu.

Pili, siku za Idd iandaliwe michezo ya watoto mchana, uwanjani, wavulana na wasichana kila upande wake: mbio, kuvuta kamba, mashindano ya kusoma na zawadi. Itangazwe kabla ya disko toto haijatangazwa.

Tatu, imamu asiridhike kufungisha nikahi huku akijua yatakayofuata usiku. Aketi na familia mapema, awaonyeshe namna ya kufanya walima na dufu la wanawake, na jamaa wamsaidie bwana harusi ili gharama zipungue.

Nne, baada ya Isha msikiti usifungwe haraka kama duka. Iwekwe baraza ya vijana mara mbili kwa wiki: elimu, maongezi, kahawa na tende, na mfuko wa kusaidiana katika ugonjwa na mazishi. Asiyejua kusoma Qur'ani afundishwe bila kuchekwa. Wacheza dansi humvumilia asiyejua hatua. Je, sisi tumshinde kumvumilia asiyejua alif?

Watakuwapo watakaosema kwamba tunaupunguzia makali uharamu wa dansi. La, wallahi! Haramu ni haramu, na anayelicheza atubie leo kabla ya kesho. Lakini anayetubu hutoka mahali, na lazima awe na mahali pa kwenda. Mkitaka watoke ukumbini, wafungulieni mlango mwingine, na muwe mmesimama mlangoni.

Ee Mola wetu, zilinde nyumba zetu na mabinti zetu na wana wetu. Zilainishe nyoyo zetu kwa mgeni kama ulivyozilainisha nyoyo za Ansari. Ifanye misikiti yetu iwe makimbilio ya mwenye upweke, wala usiifanye kuwa majengo matupu baina ya swala na swala. Aamin.

Wabillahi tawfiq.